Kilimanjaro kwa njia ya Marangu: siku tano au sita?

Swali: Sisi ni marafiki sita wa Dar es Salaam, wa umri wa miaka 29 hadi 51. Tunataka kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu mwezi wa Desemba, tuwe kileleni Siku ya Uhuru. Ajenti ametupa bei mbili, ya siku tano na ya siku sita, na wengi wetu wanaona tuchukue siku tano kupunguza gharama. Hakuna aliyewahi kupanda mlima mrefu, ila watatu tunakimbia mbio za kilomita 10. Mmoja wetu ana pumu. Je, siku tano zinatosha? Na baridi tuikabili vipi bila kununua vifaa vya bei kubwa?

Jibu:

Chukueni siku sita, dada. Kama bajeti inabana, punguzeni hoteli ya Moshi, punguzeni fulana za pamoja, azimeni majaketi, lakini siku ya sita msiiguse. Hiyo ndiyo siku inayowapa nafasi ya kufika juu mkiwa na akili timamu na kushuka kwa miguu yenu.

Geti la Marangu liko kwenye mita 1,860 hivi. Usiku wa kwanza mnalala vibanda vya Mandara, mita 2,720. Usiku wa pili Horombo, mita 3,720. Usiku unaofuata, katika safari ya siku tano, mnalala Kibo kwenye mita 4,700 na ushei, na usiku huohuo kabla ya saa sita mnaamshwa kuelekea mita 5,895. Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000 usipandishe sehemu ya kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Ninyi mnapandisha 1,000, kesho yake 1,000 nyingine, halafu kilele. Kule juu hewa ina nusu tu ya oksijeni mliyoizoea Dar. Mwili unaweza kujirekebisha, huongeza kasi ya kupumua na kubadilisha kemia ya damu, lakini kazi hiyo huchukua siku kadhaa na haina njia ya mkato.

Siku ya ziada mnaitumia Horombo. Asubuhi mnapanda taratibu hadi Mawe ya Pundamilia, yale majabali yenye mistari myeusi na myeupe, na mkiwa na nguvu mnasogea juu zaidi upande wa Mawenzi, kilele cha pili cha mlima huu, hadi mita 4,200 hivi. Mnakaa huko nusu saa, kisha mnarudi kulala palepale kwenye mita 3,720. Panda juu, lala chini: mwili umeonjeshwa kimo kisha umepewa usiku wa kujipanga. Msikubali kuigeuza siku hiyo kuwa ya kulala kitandani. Anayelala mchana kutwa Horombo anapumua polepole na huamka na kichwa kizito kuliko alivyokuwa.

Kuhusu gharama, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Ada za hifadhi hutozwa kwa siku na kwa usiku, pamoja na ada ya uokoaji na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Kwa mgeni wa nje, siku moja ya ziada ni pesa nyingi. Kwa Mtanzania, ada hizo ni za shilingi na ni ndogo sana kulinganisha na zile, kwa hiyo sehemu kubwa ya bei ya siku ya sita ni posho ya wapagazi, mpishi na waongozaji, na chakula. Mwambieni ajenti awachanganulie bei kipengele kwa kipengele. Kama siku ya sita imepanda kupita kiasi, mtaona imepandia wapi. Na kila mmoja abebe kitambulisho chake cha taifa. Asiye nacho asishangae akitozwa kama mgeni.

Tena, hesabuni siku wenyewe. Wapo wanaouza "siku sita" na siku ya kwanza ni ile ya kuwapokea stendi ya Moshi. Siku sita za kweli ni siku sita ndani ya hifadhi, usiku tano. Mkitaka kuwa Uhuru, yaani kileleni kabisa, asubuhi ya tarehe 9 Desemba, ratiba ni hii: tarehe 5 geti hadi Mandara, tarehe 6 Horombo, tarehe 7 bado Horombo, tarehe 8 Kibo, usiku wa kuamkia tarehe 9 kilele na kushuka kulala Horombo, tarehe 10 getini. Kutoka Dar muondoke tarehe 3, maana basi ni kilomita 560 hivi na siku nzima. Kushuka basi usiku na kuingia hifadhini asubuhi ni kuanza mmechoka na miguu imevimba.

Tarehe 9 ina maana yake, tangu usiku ule wa 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipoupandisha Mwenge kileleni, kwa hiyo makundi mengi ya Watanzania huitaka siku hiyohiyo. Vibanda vya Kibo ndivyo vyenye vitanda vichache, vipatavyo 60. Ajenti awaonyeshe kwamba vitanda vya usiku wa tarehe 8 vimelipiwa, asiwaambie tu kwamba "vitapatikana". Mkikosa, kufika kileleni tarehe 10 ni mlima uleule wenye watu wachache zaidi.

Mbio za kilomita 10 hazikingi ugonjwa wa mwinuko

Watatu mnaokimbia, hili ni lenu hasa. Mazoezi yanawasaidia miguu na moyo, na hilo ni jambo jema, lakini hayazuii ugonjwa wa mwinuko. Mara nyingi kijana mwenye mapafu mazuri ndiye anayeumwa, kwa sababu anaweza kwenda haraka na anakwenda haraka. "Pole pole" mtakayoambiwa na waongozaji ina kipimo chake: mdomo umefungwa unapumua kwa pua, au unaweza kusema sentensi ndefu bila kukatiza. Ukihema, umezidisha. Mtembea polepole kuliko wote akae mbele, nyuma tu ya mwongozaji, na wengine wamfuate. Akiwekwa nyuma atajilazimisha kuwafikia, na kila mkisimama kumsubiri, ninyi mnapumzika naye hapumziki.

Kwa mazoezi, anzeni wiki nane hadi kumi kabla. Mara mbili kwa wiki ngazi za jengo refu, dakika 40 za kupanda na kushuka, na msiteremke kwa lifti, kwa sababu magoti yanaumizwa na kushuka. Mwisho wa wiki, matembezi ya saa tano au sita mkiwa na begi la kilo sita na buti zilezile mtakazopandia. Milima ya Pugu inafaa kwa kuanzia. Mkipata siku mbili tatu, Uluguru au Lushoto ni bora zaidi.

Sasa dalili. Kuumwa kichwa, kichefuchefu, uchovu usioelezeka, kukosa hamu ya kula na usingizi wa mang'amung'amu: kichwa pamoja na kimojawapo kati ya hayo ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Ukiwa wa kiwango cha chini, kaeni mlipo, kunyweni maji, mezeni parasetamo, msipande zaidi mpaka upone. Ukizidi, shukeni. Kuna hali mbili ambazo hazisubiri asubuhi. Ya kwanza ni ubongo kuvimba: mtu anachanganya maneno, anakuwa mkali au mzubaifu bila sababu, anapepesuka. Mwambie atembee hatua kumi kwenye mstari, kisigino kigusane na vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, anashushwa saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku. Ya pili ni mapafu kujaa maji: anahema akiwa amekaa, anakohoa kikohozi chenye maji, midomo inageuka rangi. Huyo naye ni kushushwa mara moja. Oksijeni ya mtungi na sindano vinanunua muda wa kumshusha, havimruhusu kubaki juu. Njia ya Marangu ina faida hapa, kwa kuwa ni pana na machela za gurudumu moja hupita.

Jambo moja litawatisha bure, hivyo lijueni mapema. Usiku mtasikia mwenzenu anapumua kwa haraka, kisha ananyamaza kimya sekunde kumi hivi, kisha anavuta pumzi kubwa kama aliyetoka majini. Hiyo ni kawaida ya usingizi wa kimo. Kama akiamshwa anajibu vizuri, mwacheni alale. Mkojo wa mara kwa mara nao ni dalili njema kwamba mwili unajirekebisha. Msipunguze maji ili kuukwepa.

Waongozaji wengi hubeba kipimo cha kidoleni cha oksijeni. Namba yake isiwatie hofu wala kiburi. Asilimia 85 kule Kibo si ajabu, na kidole chenye baridi hudanganya, kipasheni moto kwanza. Anayejisikia vibaya ni mgonjwa hata kama namba yake ni nzuri.

Dawa ya asetazolamaidi, inayojulikana zaidi kama Diamox, inasaidia. Kiwango cha kawaida cha kujikinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kuanza kupanda. Daktari aiandike, na ijaribuni nyumbani siku mbili wiki chache kabla. Vidole vitachonyota na soda itapoteza ladha. Hayo hayadhuru. Lakini aliyewahi kutoka malengelenge au kuvimba kwa Fansidar au Septrin amwambie daktari mapema, kwa sababu Diamox nayo iko kwenye ukoo wa salfa. Na dawa za usingizi pamoja na pombe viacheni Moshi, maana vyote hupunguza kasi ya kupumua wakati mwili unaihitaji kuliko siku zote.

Vipimo vya kufanya kabla ya kulipa

Mwenye pumu anaweza kupanda, ikiwa pumu yake imedhibitiwa miezi ya karibuni na daktari wake anajua anakokwenda. Hewa kavu yenye baridi huichokoza, kwa hiyo afunike mdomo na pua kwa skafu nyepesi usiku wa kilele. Abebe dawa ya kuvuta mbili, moja mwilini na nyingine kwa mwongozaji. Ile ya mwilini ikae mfuko wa ndani karibu na ngozi, kwa sababu kopo likipoa sana hutoa dozi pungufu. Shida ni kutofautisha pumu na maji mapafuni. Kanuni ni rahisi: akibanwa kifua, akavuta dawa na asipate nafuu ndani ya dakika 15, hesabu ni mapafu, na anashuka.

Lakini kuna kipimo kinachotuhusu sisi watu wa huku kuliko watalii wa Ulaya, na mara nyingi hakitajwi: selimundu, yaani sikoseli. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande. Waliorithi kinasaba chake kwa mzazi mmoja tu, yaani AS, wengi wao hupanda salama, ila kimo kinaweza kuziba mishipa ya bandama. Maumivu makali ya ghafla chini ya mbavu za kushoto kwa mtu wa aina hiyo ni kushuka na kwenda moja kwa moja hospitali, na KCMC ya Moshi ndiyo ya rufaa iliyo karibu. Wengi hawajui wako kundi gani. Wote sita pimeni, ni kipimo cha damu cha kawaida.

Wa miaka 51 apime shinikizo la damu na sukari. Mwenye kisukari ajue kwamba mashine ya kupimia sukari hupotoka ikiwa ya baridi. Mjamzito asubiri mwaka mwingine. Na kwa kuwa mnatoka Dar, kichwa na homa vikija siku ya pili vinaweza kuwa malaria mliyokuja nayo. Ugonjwa wa mwinuko hauleti homa kali. Akitetemeka na joto limepanda, ashuke akapimwe.

Baridi, kwa bei ya mitumba

Joto hushuka kwa nyuzi 6 hivi kila mnapopanda mita 1,000. Moshi mnaiacha kwenye nyuzi 28, kileleni alfajiri ni kati ya 7 na 15 chini ya sifuri, na upepo huongeza. Desemba mwanzoni mvua za vuli huwa hazijaisha vizuri, kwa hiyo msituni tegemeeni kulowa, na juu theluji.

Adui wa kwanza ni pamba. Fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki, na maji hunyonya joto la mwili. Jinzi ndiyo mbaya kuliko zote. Tafuteni nguo za michezo za nailoni au poliesta, na sufu. Karume pale Dar, au Memorial na Kiboriloni mkifika Moshi, zimejaa majaketi ya watu wa nchi za baridi. Jaketi la kujaza manyoya ya bata likunje ngumi, liachie. Likifumuka haraka lina uhai, likibaki limesinyaa limeshachoka. Koti la mvua mwagieni maji ya glasi begani: yakikaa kama vitone ni zima, yakizama na kuacha doa jeusi litavuja Mandara siku ya kwanza. Kagueni mishono kwa ndani, ile tepu isiwe inabanduka.

Usiku wa kilele juu vaeni tabaka nne: fulana nyembamba ya kubana, flisi, jaketi la manyoya, koti la kuzuia upepo. Chini taiti nene, suruali ya flisi, suruali ya kuzuia upepo. Mikononi glovu nyembamba ndani ya glovu kubwa za mfuko, zisizotenganisha vidole. Kichwani boshori linalofunika masikio. Mwanzo wa safari mjisikie baridi kidogo. Mkitoka Kibo mkiwa na joto zuri, baada ya dakika 20 mtatoka jasho, na jasho hilo ndilo litakalowagandisha saa kumi alfajiri.

Buti ndizo ningezitolea pesa. Ziwe zinafunika kifundo, kubwa kwa nusu namba hadi namba moja, na zimeshatembewa kilomita 50 au zaidi. Watu huvaa soksi tatu nene ndani ya buti linalobana wakidhani wanaongeza joto. Damu inabanwa, vidole vinakufa ganzi. Soksi moja nyembamba na moja ya sufu, vidole vikicheza, basi. Buti za mitumba zikunjwe kwa nguvu dukani na soli ivutwe: gundi ya zamani huachia ikikutana na mawe na unyevu, na soli ikibanduka kwenye Tandiko, ile jangwa kati ya Mawenzi na Kibo, hakuna fundi.

Mfuko wa kulalia kodisheni Moshi, unaohimili nyuzi 10 chini ya sifuri au baridi zaidi. Vibanda vina magodoro, havina mablanketi. Kodisheni pia fimbo za kutembelea na gaita, zile kinga za kufunika buti na muundi. Tochi ya kichwani kila mtu awe na yake. Betri na simu vilale ndani ya mfuko wa kulalia, maana baridi huzima simu yenye asilimia 60 kana kwamba imekwisha.

Na mafuta ya jua, hata kwa ngozi nyeusi. Siku ya pili mnatoka msituni mnaingia kwenye vichaka, jua la kimo linapiga wazi, midomo inapasuka na pua inachubuka. Miwani nyeusi ni lazima kileleni, mwanga wa theluji huunguza macho na maumivu huja saa kadhaa baadaye.

Maji, chakula na wanaobeba

Kila mmoja anywe lita tatu hadi nne kwa siku, kidogo kidogo. Mpishi huchemsha. Chupa za maji za kutupa haziruhusiwi hifadhini, nunueni chupa ngumu za kudumu, mbili za lita moja kwa kila mtu. Juu ya Horombo kuna mahali pa mwisho pa maji, baada ya hapo Kibo hakuna tone, yote yamebebwa kichwani na mtu. Ukimwaga maji ya kunawa Kibo, umemwaga safari ya mtu. Usiku wa kilele chupa igeuzwe kichwa chini ndani ya begi: barafu huanzia juu, na mdomo utabaki wazi.

Kibo maji huchemka kwenye nyuzi 85 hivi, kwa hiyo wali hauivi vizuri na maharage ndiyo kabisa. Msimlaumu mpishi, mwambieni tangu Moshi apange supu, tambi, viazi na uji mwembamba kwa siku hiyo. Hamu ya kula itapotea hata hivyo, na ndipo vitu vya kutafuna vinaokoa. Bebeni tende za kutosha, karanga na kashata. Chokoleti huwa jiwe. Pale Horombo fungeni mabegi vizuri, kunguru wa shingo nyeupe wanajua kufungua zipu, na panya wenye milia hupita chini ya vitanda.

Mzigo wa mpagazi hauzidi kilo 20, na hupimwa getini. Mabegi yenu yasizidi kilo 12 kila moja, na ndani yake tandikeni mfuko mzito usiopitisha maji. Kule mlimani wenyewe huitana wagumu, na ni wagumu kweli, lakini mtu anayepita na mzigo huo kwenye mvua akiwa na viatu vya kuchanika ni jukumu lenu pia. Muulizeni ajenti: wanalala wapi, wanakula milo mingapi, wanalipwa kiasi gani kwa siku na lini. Asiyejibu mara moja, tafuteni mwingine mwenye leseni ya utalii iliyo hai. Bahashishi kubalianeni ninyi sita kabla ya kuondoka Dar, andikeni kiasi cha mpagazi, mpishi, mwongozaji msaidizi na mwongozaji mkuu, na mkabidhini kila mtu mkononi mbele ya wenzake. Mkimpa mmoja bahasha ya wote hamtajua imeishia wapi.

Waongozaji wawe wanne kwa kundi lenu, au wasipungue watatu. Sababu ni usiku wa kilele: mtu wa kwanza akishindwa anashuka na mwongozaji mmoja, wa pili akishindwa anaondoka na mwingine. Mkiwa na wawili tu, wanaobaki na nguvu zao wanarudishwa kwa sababu hakuna wa kuwaongoza. Kubalianeni pia, mkiwa bado Dar na vichwa vyote vizima, kwamba neno la mwongozaji mkuu kuhusu kushuka halijadiliwi, na kwamba anayeshuka hatataniwa. Watu huficha maumivu ya kichwa kwa kuogopa kuitwa dhaifu kwenye kundi la WhatsApp. Kila jioni mwulizane mmoja mmoja, kwa maneno: kichwa, tumbo, usingizi, kikohozi.

Usiku wenyewe na kushuka

Mtafika Kibo alasiri, mtakula mapema, mtajilaza na wengi hamtalala. Si tatizo, kujinyoosha kunatosha. Saa tano usiku mnaamshwa, chai na biskuti, na karibu saa sita mko njiani. Kutoka hapo hadi Gilman's, kituo cha ukingoni mwa kreta kwenye mita 5,685, ni saa tano au sita za changarawe inayoteleza, njia ikienda upogo huku na huku. Hatua moja pumzi moja. Mguu wa nyuma unyooke goti lifunge, uzito ukae juu ya mfupa, kisha ndipo uinue wa mbele: misuli inapata nafuu kidogo kila hatua, na hatua ni maelfu. Mapumziko yasizidi dakika tano, zaidi ya hapo mnaganda. Pango la Hans Meyer ni takriban nusu ya sehemu hiyo, kunyweni chai ya moto na mule kitu hata kama hamtaki.

Gilman's wengi huona wamemaliza. Mmefika ukingo wa kreta, mna haki ya cheti, lakini Uhuru bado ni saa moja na nusu au mbili kwa kufuata ukingo. Hapo ndipo mwongozaji awapime kila mmoja kwa ule mstari wa hatua kumi. Anayepepesuka Gilman's, safari yake imekamilika, na ni ushindi kamili. Kileleni kaeni dakika 15, picha, mshuke.

Ajali na majeraha mengi ya miguu yako kwenye kushuka, kwa sababu akili imeshafika nyumbani. Siku hiyo mnateremka zaidi ya mita 2,000, kutoka Uhuru hadi Horombo. Kucha za miguu zikateni fupi siku mbili kabla ya safari, la sivyo zitagonga ncha ya buti mpaka ziwe nyeusi. Pale Kibo, kabla ya kuendelea, kazeni kamba za buti upya: legezeni sehemu ya vidole, bana sana kwenye kifundo ili mguu usisogee mbele. Vueni tabaka mbili, pakeni mafuta ya jua tena, refusheni fimbo kwa sentimita tano hadi kumi. Kwenye changarawe piga kisigino kwanza, magoti yamelegea, na msikimbie hata mkiona wengine wanateleza kwa furaha. Jioni Horombo badilisheni soksi, kausheni miguu, na kwenye lengelenge lililovimba bila kupasuka wekeni plasta msilitoboe, kwa sababu kesho kuna kilomita 20 hivi hadi getini, na sehemu ya mwisho ni msitu wenye mizizi na tope.